Denti Siyo Kontenti

Oktoba 2016 ilisambaa klipu ya simu iliyonasa kilichokuwa kinaendelea ndani ya ofisi ya walimu pale sekondari ya Mbeya Day, na nchi nzima ikasimama. Denti mmoja yuko katikati. Maticha wa mazoezi, yaani wanachuo waliokuja kufundisha wiki chache ili wamalize kozi zao, wamemzunguka na wanamshushia kipigo cha mbwa koko. Hakuna mtangazaji, hakuna mziki wa kuanzia. Klipu fupi, picha inachezacheza, basi. Ikatembea kwenye magrupu ya WhatsApp, ikapanda Insta, ikafika mpaka mezani kwa mawaziri. Haikupita muda, wale jamaa wakawa wamefukuzwa vyuoni kwao na polisi wameingia kazini.

Ukiniuliza ni kipindi gani cha shule kiliwahi kuishika Bongo kuliko vyote, nataja hicho. Hakikurushwa na stesheni yoyote.

Wenzetu wa majuu wanajipanga. Uingereza, Channel 4 walianza 2011 na Educating Essex: kamera zikafungwa kwenye kuta za shule moja ya Harlow, zikaachwa zikusanye maisha ya madenti na maticha kuanzia asubuhi mpaka kengele ya mwisho. 2013 wakahamia Dewsbury, wakatoa Educating Yorkshire. Kenya walikuwa na Tahidi High ya Citizen, ila ile ilikuwa igizo, waigizaji waliovaa sare. Bongo, EATV waliwahi kutupa Skonga, kamera inaibuka shuleni, madenti wanapiga stori na kuonyesha vipaji, na ilikuwa freshi sana kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kumwona denti wa kawaida kwenye runinga akiongea kama anavyoongea kitaa. Femina nao, tangu 1999, wamepambana kwa jarida la Fema na klabu zake mpaka shule za kata. Lakini kipindi kinachokaa shule moja, kikaishi na watu wake, kikawafuata nyumbani na kurudi nao darasani, hicho hatuna. Pengo limezibwa na simu za mkononi.

Huku Tindiga, Kilosa, klipu za shule zinatufikia kama zinavyofika kila kijiji chenye mnara. Mchizi mmoja kijiweni kwa bodaboda kajiunga bando la jero, wengine sita wanachungulia kwa nyuma. Au kwenye kibandaumiza, mechi haijaanza, mtu anapitisha simu: oya, cheki hii. Halafu kijiwe kinagawanyika. Nusu wanasema ticha kazingua. Nusu wanasema dogo alikuwa mjeuri, ticha angefanyaje? Ubishi unapanda, mpira unaanza, stori inakufa. Yule denti wa kwenye klipu ameshatumika, amebaki na sekunde zake arobaini maisha yake yote.

Hapo ndipo roho inaniuma. Klipu ya Mbeya ilisaidia, sibishi hata kidogo. Bila ile simu, kile kipigo kingekuwa siri ya ofisi, na yule dogo angerudi darasani kuendelea na pindi kama hakijatokea kitu. Aliyerekodi alifanya jambo la kiume, na kama ni ticha mwenzao, basi heshima yake mara mbili. Lakini angalia kilichotokea miaka mitatu baadaye, mkoa ule ule.

Oktoba 2019, Shule ya Sekondari Kiwanja, wilaya ya Chunya, Mbeya. Mabweni yameungua. Madenti wanadaiwa kukutwa na simu, na simu shuleni ni marufuku. Mkuu wa mkoa wa wakati huo, Albert Chalamila, anafika, anawatoa mbele madenti 14, wanalala chini, anawachapa viboko kwa mkono wake, na kamera zinachukua. Safari hii hakuna aliyejificha. Video ikasambaa, watu wa haki za watoto wakapiga kelele, na Rais Magufuli akamuunga mkono hadharani. Kwa hiyo mkoa mmoja, ndani ya miaka mitatu: 2016 simu inamwokoa denti, 2019 madenti wanachapwa kwa kosa la kuwa na simu, na kipigo chenyewe kinarekodiwa ili kila mtu aone. Kamera ya kwanza ilikuwa upande wa aliyelala chini. Ya pili ilikuwa upande wa mwenye fimbo. Kifaa ni kile kile, na sisi watazamaji tulibonyeza na kusambaza zote mbili kwa kidole kile kile.

Sheria yenyewe wengi hatuijui, na klipu hazitufundishi. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zile za 2002, zinasema viboko visizidi vinne. Mwenye ruhusa ni mkuu wa shule, au ticha aliyempa ruhusa kwa maandishi. Binti anachapwa na ticha wa kike. Adhabu inaandikwa kwenye daftari. Sasa kaa chini ukumbuke klipu zote ulizowahi kuziona, uniambie ni ngapi zilifuata hata nusu ya hayo. Januari 2023 ikatoka nyingine Kyerwa, Kagera, mwalimu mkuu wa shule ya msingi anachapa watoto kwenye nyayo. Kelele zikapigwa, serikali ikamwondoa kwenye nafasi yake. Na Bukoba 2018 hakukuhitajika klipu, kwa sababu mtoto wa darasa la tano alikufa baada ya kuchapwa na ticha aliyemhisi kaiba pochi, na Machi 2019 Mahakama Kuu ikamhukumu yule ticha kunyongwa. Wakenya walizipiga marufuku fimbo shuleni tangu 2001. Sisi bado tunabishana kijiweni.

Mimi upande wangu naujua. Fimbo haijawahi kumfanya kilaza awe kipanga. Imetufundisha kukausha, kukaa kimya hata pale ambapo hujaelewa kitu, kwa sababu anayeuliza swali ndiye anayeonekana, na anayeonekana ndiye anayekula bakora. Ukitaka kujua kwa nini darasa zima la Kibongo linajibu "ndiyooo" ticha akiuliza kama limeelewa, anzia hapo.

Lakini hizi klipu zinawaonea na maticha pia. Zile sekunde arobaini hazimwonyeshi ticha wa Hesabu aliyepangiwa kijijini, anayeshika darasa lililojaa mpaka mlangoni. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 watoto waliingia shuleni kwa wingi, kitu kizuri kinoma, ila madawati na maticha hawakuzaliana kwa kasi hiyo. Huyo ticha anasahihisha madaftari kwa tochi ya simu. Nyumba ya kupanga inavuja. Barua ya uhamisho iko mfukoni. Kuna siku anazingua, kuna siku anafanya maajabu, na siku zote mbili hakuna kamera. Nilifundishwa Fizikia na mmoja wa hivyo. Maabara hatukuwa nayo. Alichukua ndoo, kamba na jiwe, akatutoa nje chini ya mwembe, tukasoma mwendo na mvutano mpaka masela wa nyuma, wale wa kudesa mtihani mzima, wakawa wanagombania kushika kamba. Yule ticha hajawahi kutrendi popote.

Halafu kuna aina nyingine ya klipu, hii ndiyo inanitoa povu zaidi kwa sababu watu wanaiona haina madhara. Ticha anamrekodi mtoto wa darasa la pili anayeshindwa kusoma sentensi. Au denti wa kidato cha kwanza anayebabaika na Kiingereza alichokianza juzi. Ticha anacheka nyuma ya simu, anaposti, wafuasi wanapanda, maoni yanajaa vikaragosi vya kulia kwa kucheka. Mtoto hajaulizwa. Mzazi yuko shamba, hata simu janja hana. Miaka kumi mbele, yule mtoto anaomba kazi, anataka kuoa, na kuna mtu bado anamtumia ile video. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 2023, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Nyeti, wazee. Siyo za kutafutia laiki. Denti alienda skonga kusoma, hakwenda kuwa kontenti ya mtu.

Na tusijifanye hatujui kwamba hata sifa zinaumiza. Unakumbuka enzi za TO? Baraza la mitihani, NECTA, wakitangaza matokeo ya kidato cha nne, kamera zinakimbilia nyumbani kwa Tanzania One: mama anapiga vigelegele, baba anafuta machozi, dogo anahojiwa akiwa na ndala. Nilikuwa napenda zile picha, kila mtu alizipenda. Januari 2023 NECTA wakaacha kutangaza wanafunzi bora na shule bora, na watu wakalalamika kwamba wameondoa utamu. Mimi nikaona wamefanya la maana. Kamera zile hazikuwahi kufunga safari kwenda nyumbani kwa aliyepata divisheni four kutoka shule isiyo na ticha wa Hesabu hata mmoja. Huyo ndiye mwenye stori ya kutufundisha kitu kuhusu shule zetu, na ndiye tuliyekuwa tunamruka kila mwaka ili tufike haraka kwenye vigelegele.

Ngoja nirudi Yorkshire, kwa sababu pale kuna kitu nakitamani. Shule inaitwa Thornhill, iko Dewsbury, mji wa kawaida wa wafanyakazi, wenye familia nyingi zenye asili ya Asia. Kamera 64. Kwenye kile kipindi kulikuwa na denti anaitwa Musharaf, mwenye kigugumizi kikali, na alikuwa na mtihani wa kuongea wa Kiingereza. Ticha wake, Matthew Burton, alikuwa ameona kitu kwenye filamu ya The King's Speech. Akamwambia dogo avae hedifoni, asikilize mziki, halafu aongee. Maneno yakaanza kutoka. Baadaye Musharaf akasimama mbele ya wenzake ukumbini akaongea, na ukumbi ukalia, masela wa nyuma wakalia, maticha wakalia.

Kilichoibeba ile dakika ni yote yaliyoonyeshwa kabla yake. Mtazamaji alikuwa ameshamwona Musharaf anakwama. Alikuwa ameshamwona Burton akiwa kazini. Hedifoni zilipovaliwa, ulikuwa unawajua wote wawili. Utukutu nao ulionyeshwa, ndiyo: madenti wanatoroka pindi, wanatukana, wanagombania vitu vya kijinga kabisa. Ila kwa kuwa kamera haikuondoka, ulipata kujua kwamba yule mkorofi wa Jumatatu nyumbani kumewaka moto tangu Jumapili. Burton baadaye akawa mkuu wa shule ile ile, na 2025 kamera zikarudi kumkuta ofisini.

Sasa niambie kipindi cha hivyo kikirekodiwa Tindiga kitaona nini. Mimi naweza kukuambia.

Kitaona kwamba utoro wetu una kalenda. Hapa, mpunga unapoanza kukomaa, viti vinaanza kuwa wazi, kwa sababu madenti wako bondeni kuamia ndege. Kwelea wakishuka kundi zima, shamba la familia linakwisha asubuhi moja, na hilo shamba ndilo sare, ndilo daftari, ndilo chakula cha mwaka. Ticha anaita majina, nusu hawapo. Atawachapa wakirudi? Wengine watachapwa. Dogo anachapwa kwa kuokoa sare ya mdogo wake, na ticha anayechapa anaogopa mkaguzi atakayemuuliza kwa nini mahudhurio yameshuka. Kwenye klipu utaona fimbo tu. Kwenye kipindi kirefu utaona kwelea, utaona bonde, utaona baba anayemwambia mwanawe "nenda kesho, leo nibaki na nani?", na utaona ticha anayehesabu siku zilizobaki kabla ya mtihani wa taifa.

Kitaona maji. Kilosa ni wilaya ya maji yanayohama. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mto Mkondoa ulitoka kwenye njia yake, na maelfu ya watu wakaishia kwenye mahema. Masika ikikaza, njia inakatika, tope linameza tairi za boda, na denti anayetembea kilomita kadhaa anafika shule kiatu mkononi, sare imelowa mpaka kiunoni. Getini kiranja anaandika wachelewaji. Hiyo peke yake ni episodi nzima, na sitaki mtu aiwekee mziki wa huzuni. Iachwe na sauti yake, madenti wanataniana njiani, kwa sababu ndivyo wanavyokuwa: wamelowa na wanacheka.

Kitaona dawati moja. Kilosa imeshuhudia wakulima na wafugaji wakigombea ardhi kwa miaka mingi, na damu imemwagika. Lakini darasani mtoto wa mkulima na mtoto wa Mmasai wanabanana kwenye dawati moja, wanagawana kalamu, wanapeana madesa. Baba zao wamekaa pande mbili za kikao cha kijiji, wanatazamana vibaya. Wao wanabishana Simba na Yanga. Ni kamera gani ya majuu itapata kitu kizito kama hicho bila kuandika skripti? Na ticha wa Uraia anasimama mbele yao kufundisha utatuzi wa migogoro kutoka kwenye kitabu, wakati mgogoro wenyewe umekaa mstari wa pili kutoka dirishani. Akiwa na akili, anafunga kitabu na kuwaacha waongee. Wapo wanaofanya hivyo, nimewaona.

Na waongee kwa lugha yao. Wasije watu wa stesheni wakawafundisha madenti kuongea kama wanasoma taarifa ya habari ya saa mbili. Jimbo la Mikumi, humu humu Kilosa, liliwakilishwa bungeni na Professor Jay kuanzia 2015 mpaka 2020, mtu aliyejenga jina kwa kuchana lugha ya kitaa. Kama lugha hiyo ilimbeba mpaka Dodoma, inatosha kumbeba denti kwenye kipindi chake mwenyewe. Binti wa kidato cha pili akisema "ticha alinizingua, nikakausha, ila moyoni niliumia", hakuna tafsiri inayohitajika hapo. Kila mtu kaelewa, pamoja na ticha.

Najua hoja itakayokuja: mkwanja. Kamera 64 ni za Wazungu. Sawa. Hatuhitaji 64. Tunahitaji nne, watu wawili wenye subira, na muhula mzima badala ya siku moja ya kuja na gari, kupiga picha mkuu wa shule akikabidhiwa mipira, na kugeuza kabla ya jua kuzama. Tangu treni ya SGR ianze kupiga mzigo 2024, Kilosa kuna stesheni. Mtu wa Dar anashuka, anatafuta boda, anatufikia. Umbali siyo kisingizio tena.

Kwa hiyo EATV, Azam, Clouds, yeyote mwenye leseni na roho ya kazi, njooni. Njooni Machi, mje na mabuti ya mvua. Siku ya kwanza msitoe kamera kabisa, kaeni na kamati ya shule na wazazi, waelezeni mnachotaka, kwa Kiswahili cha kueleweka, na anayekataa mtoto wake asionekane, asionekane. Halafu waulizeni madenti wenyewe, bila ticha kusimama pembeni, maana denti mbele ya ticha atasema ndiyo kwa kila kitu. Maticha nao waulizeni bila mkuu wa shule. Mkishamaliza kukata na kuunga, kabla haijaruka hewani, rudini Tindiga na projekta, tundikeni shuka ukutani, wawekeeni madenti waione kwanza. Na denti yeyote akinyoosha mkono akasema kipande hiki toeni, kitolewe pale pale, hata kama ndicho mlichokuwa mnategemea kitrendi.